Ramani ya Tumbo Kabla ya Kisu

“Daktari, ugonjwa ulikuwa ziwani. Mbona sasa mnataka kunipiga picha ya tumbo?”

Ni swali la haki, na mwanamke anayeliuliza anastahili zaidi ya lile jibu la haraka linalotolewa kwenye korido ya kliniki: “Kwa sababu titi jipya litatoka huko, mama.” Sura hii ni jaribio la kumjibu kikamilifu.

Mwanamke aliyeondolewa titi kwa sababu ya saratani ana njia kadhaa za kuundiwa jingine. Anaweza kuwekewa kifuko cha silikoni. Anaweza kuvutiwa msuli wa mgongoni pamoja na ngozi yake hadi kifuani. Au daktari anaweza kuchukua ngozi na mafuta ya chini ya kitovu, yale yanayobaki yamelegea baada ya uzazi, akayahamishia kifuani na kuyaumba. Njia hii ya tatu hutoa titi laini lenye joto la mwili, linalonenepa na kukonda pamoja na mwenyewe. Ndiyo pia inayodai hesabu kali kuliko zote, kwa kuwa mafuta hayaishi bila damu. Kipande hicho, ambacho huweza kuzidi nusu kilo, hutengwa kabisa na tumbo kikabaki kinaning'inia kwenye ateri moja na vena zake, kama embe kwenye kikonyo. Kisha kikonyo chenyewe hukatwa, na ncha zake zikaungwa na mishipa iliyo pembeni mwa mfupa wa kidari, chini ya darubini, kwa uzi mwembamba kuliko unywele. Damu ikipita, titi linaishi. Isipopita, kilichobaki ni kidonda kikubwa mahali pawili.

Upasuaji huu haukuanza hivi. Mwaka 1982 Carl Hartrampf na wenzake wa Atlanta, Marekani, walichapisha njia ya kuzungusha nyama ya tumbo hadi kifuani ikiwa bado imeshikana na msuli wake. Njia hiyo ilienea duniani na bado inaokoa wengi. Gharama yake ilikuwa msuli: mwanamke alipata titi akapoteza sehemu ya ukuta wa tumbo, na baadhi yao wakabaki na udhaifu wa kuinuka kitandani au ngiri. Mwaka 1989 Isao Koshima na mwenzake huko Japani wakaonyesha kwamba ngozi na mafuta ya tumbo yanaweza kuishi bila msuli, mradi ile mishipa midogo inayoupenya ifuatwe na kuchomolewa taratibu katikati ya nyuzi zake. Mwaka 1992, New Orleans, Robert Allen akaitumia kanuni hiyo kuunda titi. Upasuaji huo leo hujulikana kwa herufi nne, DIEP, zinazotokana na jina la kitaalamu la mshipa unaotegemewa: ateri ya epigastriki ya chini iliyo ndani, tawi lake linalopenya. Mishipa hiyo ya kupenya madaktari huiita perforeta, nami nitaiita hivyo.

Ateri yenyewe huanzia kinenani, ikapanda nyuma ya msuli mrefu wa mbele ya tumbo. Kwa wengine hupanda shina moja. Kwa wengine hugawanyika mawili, na kwa wachache matatu. Perforeta huchomoza kutoka kwenye mashina hayo, hutoboa msuli na utando mgumu unaoufunika, hutokeza kwenye mafuta na kusambaa hadi ngozini. Inayofaa kutegemewa huwa na kipenyo cha milimita 1 hivi au zaidi. Tatizo ni kwamba hakuna matumbo mawili yanayofanana, na hata upande wa kulia wa mtu mmoja hauahidi chochote kuhusu upande wake wa kushoto. Mwaka 1987 Ian Taylor na John Palmer, huko Melbourne, Australia, walichapisha uchunguzi wao wa maiti zilizodungwa oksidi ya risasi ili mishipa yao ionekane kwenye eksirei. Walihesabu kwa wastani mishipa 374 yenye nusu milimita au zaidi inayolisha ngozi ya mwili mmoja. Ramani yao ya maeneo ya damu ndiyo msingi wa kazi hii yote. Ila ramani ya binadamu kwa ujumla haimwambii daktari mahali ilipo perforeta ya mama huyu aliyelala mbele yake leo.

Zamani jibu lilipatikana kwa kufungua tu. Daktari alianza pembeni, akaendelea kuelekea kitovuni kwa upole, na kila perforeta aliyoikuta ilimtia kwenye mtihani: niibakize hii, au iliyo kubwa zaidi inanisubiri sentimita mbili mbele? Akiikata na hiyo ya mbele isiwepo, hairudi. Akizibakiza zote, saa zinakwenda, mgonjwa yuko kwenye nusu kaputi, na msuli unazidi kuchanwa. Upasuaji wa saa sita unakuwa wa saa tisa. Kazi ya picha ni kuyahamisha maamuzi hayo kutoka mezani, damu ikiwa inatoka, hadi kwenye kiti siku moja au mbili kabla.

Mijadala mingi ya kitaalamu huzipanga mashine kama wanariadha na kuuliza ipi inaona vizuri zaidi. Naamini huko ndiko inakopotea njia, maana mashine hizi hazijibu swali moja. Kuna kujua perforeta imetokeza wapi. Kuna kujua imepita njia gani ndani ya msuli kabla ya kutokeza. Kuna kujua damu inakimbia ndani yake kwa nguvu kiasi gani. Na kuna lile la mwisho, gumu kuliko yote: ikishaachwa peke yake, italisha kipande hadi ukingo upi? Hakuna chombo kimoja kinachoyajibu yote, na daktari asiyejua picha yake imejibu lipi anaweza kuingia thieta akiwa na uhakika asiostahili kuwa nao.

Chombo cha kwanza kinatoshea mfukoni. Mwaka 1842, huko Prague, Christian Doppler alieleza jinsi mawimbi yanavyobadilika pale chanzo chake kinaposogea. Alikuwa anafikiria nyota. Leo kanuni yake inasikiliza damu. Kifaa cha Doppler cha mkononi kina kalamu iliyofungwa kwa waya kwenye spika ndogo. Daktari anapaka jeli, anaiweka kalamu ngozini kwa mshazari, anaisogeza polepole. Inakimya, inakwaruza, mara inasikika: shwaa, shwaa, shwaa, kwa mdundo wa moyo. Hapo anaweka alama ya kalamu ya wino usiofutika. Hakuna sindano, hakuna mionzi, na kazi inaisha katika dakika chache.

Ila kinasikia bila kuona. Shina la ateri likipita karibu na uso wa msuli nalo hupiga kelele, na daktari akaweka alama mahali pasipo na perforeta. Mshipa mdogo ulio juujuu unaweza kusikika kwa nguvu kuliko mkubwa ulio chini ya mafuta manene. Mwisho wa zoezi tumbo lina alama kumi au kumi na mbili, zote zinafanana, na hakuna inayosema “mimi ndiye”. Kifaa hiki kinakaribia kujibu swali la wapi, basi. Kukidai zaidi ya hapo ni kukionea.

Altrasaundi ya rangi ni ndugu yake mwenye macho. Hapa mshipa unaonekana kwenye skrini ukiwa mwekundu au buluu kulingana na damu inakoelekea, kipenyo chake kinapimwa kwa milimita, na kasi ya damu kwa sentimita kila sekunde. Phillip Blondeel na wenzake huko Ghent, Ubelgiji, waliitumia sana miaka ya 1990 upasuaji huu ulipokuwa unakua, na hadi leo ni chombo pekee kati ya hivi kinachoonyesha damu ikitembea, wakati huohuo, bila kumdunga mtu chochote. Mashine za sasa zinaona mishipa iliyo chini ya milimita moja. Basi kwa nini wengi waliiacha? Kwa sababu kulipima tumbo zima huweza kuchukua karibu saa nzima, na maarifa yote yanakaa mkononi na kichwani mwa aliyeshika kipimio. Daktari wa upasuaji anapokea alama na karatasi ya maelezo. Akiwa mezani akajiuliza jambo jipya, hana picha ya tumbo zima ya kurudia. Aliyeliona ni mtu mwingine, naye ameshakwenda kupima wajawazito.

Pengo hilo ndilo lililozibwa na CT, mashine ya eksirei inayoupiga mwili picha za vipande kwa vipande, na hapa Afrika ina sehemu yake. Mwaka 1956 mwanafizikia Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, alipewa kazi ya muda ya kusimamia matumizi ya mionzi katika hospitali ya Groote Schuur, Cape Town. Alisumbuliwa na jambo moja: madaktari walikuwa wanapanga tiba ya mionzi bila kujua mionzi hiyo inavyofyonzwa tofauti na mfupa, mapafu na nyama. Akatafuta hesabu ya kuujua mwili kwa ndani kutokana na vipimo vinavyochukuliwa kwa nje, pande zote. Alichapisha matokeo yake mwaka 1963 na 1964, na karibu hakuna aliyejali. Godfrey Hounsfield, mhandisi wa Uingereza aliyefika kwenye wazo hilo kwa njia yake mwenyewe, ndiye aliyejenga mashine, na mgonjwa wa kwanza akapigwa picha ya kichwa London mwaka 1971. Wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel pamoja mwaka 1979.

Ilibidi mashine hizo ziwe na kasi kubwa na vipande vyembamba ndipo zifae kwa perforeta. Mwaka 2006 Jaume Masia na wenzake wa Barcelona, Hispania, walichapisha matokeo ya kuitumia CT ya aina hiyo kupanga upasuaji wa tumbo hili, na baada ya hapo vituo vingi vya Ulaya, Australia na Marekani vikafuata.

Mgonjwa hulala chali, vilevile atakavyolala thieta, kwa kuwa mafuta ya tumbo huhama mtu akigeuka. Mkanda, gagulo na nguo yoyote inayobana huvuliwa, kwani hata alama ya lastiki hukandamiza mishipa ya juujuu. Anadungwa mkononi dawa yenye iodini inayoifanya mishipa ing'ae, na anapaswa kuambiwa mapema kwamba atahisi joto likimshuka mwilini hadi ajihisi kama amejikojolea, hajajikojolea. Mashine inaisubiri dawa ifike kwenye ateri, mama anaambiwa ashike pumzi, na baada ya sekunde chache imekwisha.

Kazi yenyewe inaanza baada ya hapo. Mtaalamu wa radiolojia na daktari wa upasuaji wanakaa mbele ya skrini na kushuka kipande kwa kipande, kila kimoja kikiwa na unene wa milimita 1 au pungufu. Wanakiona kidoa cheupe kwenye mafuta. Wanakifuata kinyumenyume: kinapita kwenye utando, kinaingia kwenye msuli, na hapo ndipo hadithi hutofautiana. Kingine kinapiga mbizi moja kwa moja na kukutana na shina baada ya sentimita moja. Huyo ni rafiki. Kingine kinajipinda ndani ya nyama sentimita tano, kikivuka mishipa ya fahamu inayoufanya msuli ufanye kazi. Kukichomoa ni kuupasua msuli na kuhatarisha neva zake. Na mara mojamoja inaonekana perforeta inayoupita msuli pembeni kabisa bila kuugusa, zawadi ambayo bila picha daktari asingeitafuta. Mwisho wanapima kutoka kitovuni: perforeta ya kwanza, sentimita 3 kulia na 1.5 chini. Ya akiba, sentimita 4 kushoto na 2 chini. Vipimo hivyo huhamishiwa kwenye ngozi kwa rula na kalamu.

CT huonyesha pia yale ambayo hakuna aliyeyauliza. Vena ya juujuu ya tumbo ikiwa kubwa kupita kiasi na haina muungano mzuri na zile za ndani, ni onyo kwamba damu itaingia kwenye kipande ikakosa pa kutokea, na titi likaiva rangi ya zambarau siku hiyohiyo. Daktari aliyeonywa huibakiza vena hiyo ndefu, aiunge pia ikibidi. Kovu la upasuaji wa kujifungua lililokatwa kwa mlalo mara nyingi limeshakata mishipa ya juujuu, ila perforeta huwa zimesalimika. Kovu la wima katikati ya tumbo ni habari nyingine, maana damu haivuki kovu kwa urahisi, na nusu ya pili ya kipande haiwezi kutegemewa. Na mara chache huonekana ngiri ndogo, au doa kwenye ini linalobadilisha mpango mzima.

Je, inasaidia kweli? Huko Uswidi, mwaka 2009, Jeroen Smit na wenzake walilinganisha wagonjwa waliopangwa kwa CT na waliopangwa kwa Doppler ya mkononi. Wastani wa muda wa upasuaji ulikuwa dakika 264 kwa kundi la kwanza na 354 kwa la pili. Saa moja na nusu si mchezo kwa mtu aliye kwenye nusu kaputi. Hata hivyo lazima nitahadharishe: wagonjwa hawakugawanywa kwa kura, na mkono wa daktari huzidi kuwa mwepesi kadiri miaka inavyokwenda, picha iwepo isiwepo. Ninachokiamini bila wasiwasi ni kidogo kuliko namba hiyo: CT inafupisha kutafuta, na inapunguza yale maamuzi ya kushtukiza. Kwamba inapunguza idadi ya matiti yanayokufa kabisa ni vigumu zaidi kuthibitisha, maana katika vituo vyenye uzoefu vifo hivyo ni vichache tayari, chini ya 5 katika kila 100.

Na ina gharama yake mwilini. Kipimo cha mionzi kwa picha moja ya aina hii kwa kawaida huwa milisivati kadhaa, wakati mtu wa kawaida duniani hupokea wastani wa milisivati 2.4 kwa mwaka kutoka kwenye ardhi, anga na chakula. Kwa mama wa miaka sitini hilo si jambo la kumkosesha usingizi. Kwa binti wa miaka thelathini mwenye jeni ya saratani ya kurithi, ni jambo la kupimwa. Iodini nayo huwadhuru wenye figo dhaifu, na wapo ambao miili yao huikataa.

Kwa hao iko MRI, mashine ya picha inayotumia sumaku kubwa, ambayo haina mionzi hata chembe. Timu za New York ziliiendeleza kwa upasuaji huu kuanzia miaka ya mwisho ya 2000, na uzuri wake ni jinsi mshipa unavyojitofautisha na msuli, hivyo safari ya ndani ya nyama inasomeka vyema. Lakini ni ndefu, ina kelele, inaogofya wasioweza kukaa mahali pembamba, na pumzi za mgonjwa huitia picha ukungu. Kuna jambo moja ambalo kila mgonjwa anapaswa kulijua: baadhi ya vifuko vya muda vya kupanulia ngozi ya kifua vina sumaku ndani. Mwenye kifuko cha namna hiyo asiingie MRI mpaka daktari wake ahakikishe.

Huko Tromsø, kaskazini mwa Norway, Louis de Weerd na wenzake walishika njia tofauti kabisa, na nakiri kwamba ndiyo inayonivutia kuliko zote. Kamera ya joto haipenyi mwili. Inasoma joto linalotoka ngozini. Tumbo likiachwa limetulia huonekana kama wingu la rangi lisilo na maana. Kwa hiyo wanalipoza kwanza, kwa feni ya kawaida ya mezani, dakika chache tu. Skrini inakuwa ya buluu. Feni inazimwa. Mahali ambapo perforeta yenye nguvu inapandisha damu ya moto kutoka ndani, kidoa chekundu kinachomoza kabla ya vingine, kinakua, kinachanua. Palipo na perforeta dhaifu kidoa huchelewa na kubaki hafifu. Bila sindano wala mionzi, daktari anaona ni mshipa upi unaoifikia ngozi kwa nguvu. Na kwa wasomaji wetu kuna la ziada: joto hilo hutoka kwenye ngozi nyeusi kama linavyotoka kwenye ngozi nyeupe, kwa hiyo weusi wa ngozi hauipunguzii kamera uwezo wake.

Udhaifu wake uko wazi. Haionyeshi kina, haionyeshi njia ya ndani ya msuli, na kidoa cha joto huweza kujitokeza kando ya mahali perforeta inapotoboa utando. Tena inataka chumba kisichobadilika joto. Ila kwa kuthibitisha chaguo lililofanywa kwenye CT, au kwa kuzipambanua zile alama kumi na mbili za Doppler, sioni sababu ya kuidharau.

Lile swali la mwisho, damu inafika ukingo upi, linajibiwa thieta. Kipande kikishabaki kwenye perforeta yake, mgonjwa hudungwa rangi ya kijani inayoitwa indosiyanini. Ndani ya dakika moja rangi hiyo hung'aa chini ya kamera maalumu ya miale isiyoonekana kwa macho, ikienea kutoka kwenye perforeta kuelekea pembezoni. Sehemu inayobaki giza hukatwa na kutupwa kabla ya titi kuumbwa, badala ya kuoza wiki moja baadaye. Hiki si chombo cha kupanga, kwa kuwa kinakuja baada ya kisu. Lakini kinakosoa mipango yote iliyotangulia, na mara nyingine daktari hulazimika kukubali kwamba perforeta nene kuliko zote kwenye CT siyo iliyolisha vizuri kuliko zote.

Sasa turudi kwetu. Kenya na Tanzania wanawake wengi hufika hospitali saratani ikiwa imeshasonga mbele, na wanaoundiwa titi baadaye ni wachache. Wengi hawajawahi hata kuambiwa kwamba inawezekana. Madaktari wa upasuaji wa darubini ni wachache. Nikiulizwa hospitali inunue nini kwanza, sitaanza na mashine. Pale upasuaji unaofanyika ni wa kuvuta msuli wa mgongo au wa kuzungusha tumbo pamoja na msuli wake, ramani ya perforeta haina kazi kubwa, na kumlipisha mama CT ya ziada ni kumwonea. Doppler ya mkononi inatosha.

Pale DIEP inapofanyika au inapoanzishwa, hesabu inabadilika. CT si adimu kama zamani. Kwa fedha za mpango wa UVIKO-19 wa mwaka 2021, Tanzania ilipeleka mashine hizo hadi hospitali za rufaa za mikoa. Tena wanawake wengi wa saratani ya matiti hupigwa CT ya kifua na tumbo hata hivyo, kuangalia kama ugonjwa umesambaa. Daktari wa saratani na wa upasuaji wakizungumza kabla ya siku hiyo, picha ileile moja inaweza kupangwa ijibu yote mawili: muda wa dawa urekebishwe, picha ishuke hadi kinenani, vipande viwe vyembamba. Mama anaokoa pesa, na mionzi ya pili anaiepuka. Ni mazungumzo ya dakika tano, na kutofanyika kwake ndiko kunakonisikitisha kuliko ukosefu wa mashine yoyote.

Na altrasaundi? Iko karibu kila wilaya, na inashikwa na watu wenye mikono mizoefu ya kusoma vivuli vigumu vya mimba. Mtu anayeweza kupima mtiririko wa damu kwenye kitovu cha mtoto aliye tumboni mwa mamaye hashindwi kuifuata perforeta ya milimita 1, akifundishwa na akipewa kipimio cha masafa ya juu. Ningependa kuona daktari wa upasuaji mwenyewe akijifunza kukishika kipimio hicho, maana hapo lile pengo la maarifa kubaki kichwani mwa mtu mwingine linazibika. Akiwa na CT kwa ajili ya njia ya ndani na altrasaundi mkononi asubuhi ya upasuaji kwa ajili ya mtiririko, ana karibu kila anachohitaji kabla ya kukata.

Asubuhi hiyo mama husimama, si kulala, wakati wa kuchorwa mistari ya kifuani, kwa kuwa titi la upande wa pili huonyesha umbo lake la kweli likining'inia. Kisha analala chali na alama za tumboni zinathibitishwa moja baada ya nyingine. Baada ya upasuaji, kifaa cha bei ndogo kuliko vyote ndicho kinachobaki kazini. Daktari huacha uzi mmoja kwenye ngozi ya titi jipya mahali mshipa unaposikika, na muuguzi huweka kalamu ya Doppler hapohapo kila saa, usiku na mchana, kwa siku ya kwanza, kisha kwa nafasi pana zaidi. Anaangalia pia rangi na joto, na anabonyeza ngozi aone damu inarudi kwa haraka gani. Sauti ikipotea, au titi likianza kuiva zambarau, hangoji daktari wa zamu amalize raundi. Anapiga simu, na mgonjwa anarudishwa thieta. Mshipa uliozibwa na damu iliyoganda ukifunguliwa ndani ya saa chache za mwanzo, vipande vingi huokolewa.